Madirisha ya Banda la Betri

28 Machi 1966

Mvua za masika zimeanza leo alfajiri, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia banda la betri peke yangu.

Niliingia, nikatoka. Nikaingia tena, nikatoka. Mara ya tatu nikafika hadi kwenye kigari cha kwanza, nikasimama mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Klabu hii ya gofu hapa Diani ina vigari sita vya kuwabebea wachezaji wasiopenda kutembea. Havinywi petroli, vyaenda kwa betri, na betri hizo hutiwa chaji kila siku adhuhuri vigari vikisharudi. Mume wangu Nzai ndiye aliyekuwa mtu wa betri. Mwezi wa Februari betri moja ilimpasukia usoni. Tangu atoke hospitali yuko nyumbani, macho yamefungwa bendeji, na hakuna ajuaye kama ataona tena. Kadzo wetu tumempeleka kwa bibi yake Kinango asimwone babake katika hali ile.

Bwana Hollis, mwenye klabu, alisema nyumba tunayokaa ni ya mtu wa betri, na kama hakuna mtu wa betri basi ihamwe. Ujumbe huo alituletea mnyapara, Abdurahman. Hakuketi. Alisimama mlangoni akamwambia Nzai, “Mkeo ajua kusoma tarakimu. Mfundishe yeye.” Nzai akasema, “Haya.”

Sikumpa Abdurahman hata maji ya kunywa. Ni yeye aliyeyapigilia misumari madirisha ya banda. Kama yangalikuwa wazi, ile hewa mbaya ingalitoka na Nzai angalikuwa na macho yake.

30 Machi

Nzai hawezi kunionyesha kitu, anieleza tu. Hulala chali kitandani akizungumza na dari, nami huketi chini.

Ameniambia: fungua vifuniko vya betri, utaona vyumba vitatu. Tia mrija wa kipimo katika chumba cha kwanza, bana kile kibofu cha mpira, kisha kiachie polepole ili maji makali yapande ndani ya kioo. Humo kioo kina boya dogo lenye tarakimu. Likielea juu, kwenye 1260, betri imeshiba. Likizama hadi 1150, ina njaa. Vyumba vyote vitatu visome sawasawa. Kimoja kikiachana sana na wenzake, betri hiyo ni mgonjwa.

“Na mgonjwa nimfanyeje?” nikamwuliza.

“Umwogope,” akasema.

Kisha akanieleza kwa nini. Betri ikitiwa chaji huchemka, na ikichemka hutoa pumzi isiyo rangi. Banda likifungwa, pumzi hiyo hujaa chini ya paa kama moshi, ila huioni. Cheche moja yatosha. Siku ile alichomoa kibano cha waya mashine ya kuchajia ikiwa bado inafanya kazi, kwa kuwa alikuwa na haraka. Akanishika mkono, akanambia nizime kwanza mashine, ningoje, ndipo niguse vibano. Alinambia hivyo mara nyingi hata nikaona kwamba hasemi nami tena, yuasema na Nzai wa siku ile.

1 Aprili

Idi kubwa. Abdurahman amekwenda kwao Kinondo kuchinja. Nimepima betri zote bila mtu kusimama mlangoni kunitazama.

2 Aprili

Mvua kutwa. Wachezaji hawakutoka. Sikuingia bandani. Namshukuru Mungu.

5 Aprili

Abdurahman amerudi, na tabia yake ni ileile. Nikishaunga vibano tu, nikitaka kuwasha mashine, huyo, amesimama mlangoni upande wa nje. Haingii wala haondoki. Kifua chake kina pumu, nasikia pumzi zake zikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Nikigeuka hutazama pembeni. Nikikosea atakuwa wa kwanza kujua, na Bwana Hollis atakuwa wa pili.

Shutu, jirani yangu, afuaye nguo za klabu, amenambia kwamba Abdurahman ana mpwa wake atafutaye kazi na nyumba. Neno hilo limenikaa.

9 Aprili

Kesho ni Pasaka na wageni wamejaa, wengi wao kutoka Nairobi. Walicheza katikati ya manyunyu, vigari vyote sita vikarudi hoi vikiwa vimetapakaa matope. Boya lilizama katika kila betri. Ikabidi nivitie chaji vyote kwa mara moja.

Sijapata kusikia sauti ile. Zikianza kushiba, betri hunong’ona. Zikiwa thelathini na zaidi pamoja zanong’ona kama watu waliofungiwa chumba cha pili, na huwezi kupata neno wasemalo. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Harufu ikanishika koo, kali, ya kuwasha. Nikatazama juu kwenye mbao zilizoziba madirisha, nikaona vichwa vya misumari vilivyoota kutu, nikajiona nimelala ndani ya sanduku.

Nikatoka mbio. Abdurahman alikuwapo mlangoni. Nikamwambia madirisha yafunguliwe.

“Nimemwambia Bwana,” akasema. “Amekataa. Mwaka jana waliiba nyaya za shaba kupitia madirishani, na yuasema wataiba tena.”

“Ulimwambia lini?”

“Kabla ya mumeo kuumia. Na baada yake.”

Sikumwamini. Mtu akishapigilia msumari ni rahisi kusema alikataa moyoni. Nikamwambia aje basi asimame ndani na mimi, asisimame nje. Akakohoa, akaangalia chini.

10 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani, nilipima betri.

14 Aprili

Betri ya nyuma katika kigari cha nne ni mgonjwa. Vyumba viwili vimesoma 1250, cha tatu kimesoma 1170. Nikapima tena nikidhani ni mkono wangu uliotetemeka. Ni vilevile. Nilipokuwa nikichomoa mrija tone likanirukia mkononi. Halikuuma mara moja. Liliwasha, kisha likauma kama siafu aliyeng’ang’ania. Nikalimwagia maji, nikapaka magadi ninayopikia kunde, yakatoa povu. Nzai ndiye aliyenifundisha hayo zamani, kabla sijajua kwamba yatanihusu.

Nimempelekea Abdurahman habari ya betri ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ataifikisha kwa Bwana.

15 Aprili

Jawabu: betri mpya zaja na meli, itumike hiyohiyo.

16 Aprili

1160.

19 Aprili

Shutu ameniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia ni mvua.

23 Aprili

Nzai amebadilika. Mwanzoni alinifundisha kwa upole, sasa hunihoji kama askari. Kibano chekundu kiko upande gani? Umetoka lini? Mbona umechelewa? Leo nilikawia kwa sababu nilisimama nje ya banda nikiwa siwezi kuingia. Miguu ilikataa kabisa, nikawa nahesabu maembe mabichi yaliyoangushwa na upepo ili nionekane nina shughuli. Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani ameshika shuka kwa mikono miwili, jasho lamtoka. Alikuwa akitega sikio tangu adhuhuri, akingoja mshindo.

Nikamwosha uso kuzunguka bendeji.

29 Aprili

Leo ilikuwa siku ya Nzai kuonwa na daktari wa macho ajaye Msambweni mara moja kwa mwezi. Basi lilipofika mto Mkurumudzi lilisimama kwanza, maji yalikuwa ya rangi ya chai na yamepanda hadi karibu na ubao wa daraja. Dereva alishuka akatazama, akapanda, akavuka polepole. Watu walikuwa wakiomba dua. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na Nzai, ambaye hata akiyafumbua haoni, ndiye aliyenishika bega.

Daktari alikata bendeji, akamulika kitochi, akatazama muda mrefu. Akasema jicho la kulia limekwisha. La kushoto limeungua juu tu, huenda likaona mwanga, huenda likaona zaidi ya mwanga, tungoje mwezi mwingine. Kisha akauliza ni nani aliyeliosha siku ile, kwa maana maji makali kama yale yangaliachwa kidogo tu, lingekwenda hata la kushoto.

“Abdurahman,” Nzai akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mimi siku ile nilikuwa Kinango matangani. Niliporudi nilimkuta mume wangu hospitalini, nikaambiwa betri imepasuka, nikaambiwa madirisha yalikuwa yamefungwa, na sikuuliza la zaidi. Ndani ya basi, wakati wa kurudi, Nzai akanieleza. Abdurahman aliingia bandani moshi ukiwa haujatoka, akamburuta hadi kwenye tangi la maji ya mvua, akamshika kichwa chini ya bomba. Nzai alikuwa akipiga kelele na kumpiga ngumi amwachie. Hakumwachia. Aliyashikilia maji yale yatiririke mpaka tangi likakauka, na vidole vyake mwenyewe vikababuka ngozi.

Nikamwuliza kwa nini hakunambia, siku zote hizi nikimtukana mtu yule mbele yake.

“Uliingia bandani kwa hasira,” akasema. “Nilichelea hasira ikikutoka, utabaki na woga mtupu.”

30 Aprili

Leo nimemwamkia Abdurahman shikamoo, jambo ambalo sikulifanya tangu masika yaanze. Akaitika, “Marahaba, mwanangu,” kana kwamba nimemwamkia kila siku.

Kisha nikaona nilichokuwa sikioni. Pale mlangoni anaposimama pana ndoo mbili zilizojaa maji, zimefunikwa sinia la bati, na juu ya sinia pana kikopo cha magadi. Huzijaza kila adhuhuri kabla sijawasha mashine. Sijui ni lini nilianza kuzipita nikidhani ni za kuoshea magurudumu.

Nikaingia nikawasha. Nzai alisema kweli: hasira imenitoka, na niliobaki nao ni woga. Leo umekuwa mkubwa kuliko siku ya kwanza.

3 Mei

Mvua.

4 Mei

Mvua. Mwavuli wa Shutu umepeperushwa hadi ufuoni.

6 Mei

Kile chumba cha tatu katika kigari cha nne kimesoma 1130. Ukiweka kiganja ubavuni mwa betri wahisi joto upande mmoja, kama mtu mwenye jipu. Inapochemka haichemki na wenzake, yatangulia na kupiga mafunda. Nikaichomoa bila kuuliza ruhusa, nikaiweka pembeni. Jioni Bwana Hollis akaona kigari cha nne hakitembei. Abdurahman aliitwa ofisini. Alirudi akairudisha mwenyewe, akifunga nati huku akisoma kitu chini ya ulimi wake. Akanambia, “Mimi nimeambiwa nirudishe. Kukaa nayo bandani sikuambiwa uwe wewe.” Kuanzia kesho, akasema, niunge vibano kisha niende nyumbani, yeye ndiye atakayekuwa akiiangalia ikichemka.

Nikamkumbusha kifua chake na ile hewa. Akasema kifua ni chake.

Kuna namna moja tu ya kusema ukweli hapa: nilifurahi. Nilirudi nyumbani hatua za haraka, nikafurahi kwamba ni yeye na si mimi.

12 Mei

Nimeunga, nikaenda zangu. Abdurahman akabaki. Sikuweza kula.

18 Mei

Naandika ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Tangu asubuhi upepo ulitoka baharini ukiwa na mvua ndani yake, minazi ikainama yote upande mmoja. Vigari vilikuwa vimetoka mapema kabla ya dhoruba, vikarudi, nami nikaunga vibano kama kawaida, Abdurahman akawasha mashine. Nikakimbilia nyumbani kumsongea Nzai sima. Nyumba yetu na banda vimetenganishwa na kiwanja kidogo tu.

Nilikuwa nimeshika mwiko niliposikia mshindo. Haukuwa wa betri. Ulikuwa mzito, wa kitu cha ardhini. Nzai alikuwa ameshasimama. “Ni nini? Ni nini?” Nikachungulia. Mnazi ulio karibu na banda ulikuwa umeng’oka na shina lake limeubamiza mlango na kulala juu yake. Ule mlango wafunguka kwa nje.

Nikakimbia. Nilipofika ukutani nikamsikia Abdurahman ndani akikohoa. Nikamwita. Akasema mlango haufunguki, na ile betri ya kigari cha nne yatoa moshi. Harufu ilikuwa ikipenya mpaka nje, harufu ya yai lililooza, harufu ambayo Nzai alinambia nikiisikia nisiangalie nyuma.

Mashine ilikuwa bado inafanya kazi, naisikia. Swichi yake iko mle ndani, ni ya mkono wa shaba, na kila ikivutwa hutoa cheche ya kibuluu. Siku nyingine mlango huwa wazi, upepo huchukua ile hewa. Jana mlango ulikuwa umezibwa na madirisha yamepigiliwa.

“Nachomoa vibano,” Abdurahman akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyepata pumzi.

Nikamlilia asiguse. Nikasikia chuma kikigongana na chuma. Nilitaka kukimbia, na nitaandika hapa kwamba nilirudi nyuma, nikawa karibu na mti wa mkungu, nimeziba masikio.

Hapo ndipo nilipomwona Nzai. Alikuwa amekwisha kutoka nyumbani, amevuka kiwanja peke yake, mkono mmoja mbele, bendeji imelowa imemshukia puani. Alijikwaa kwenye shina, akalishika, akalifuata mpaka ukutani. Akaweka kinywa kwenye ufa wa ubao.

“Abdu,” akasema. “Ni mimi Nzai. Usishike kitu. Keti chini.”

“Nzai, sipati hewa.”

“Hewa nzuri iko chini, mbaya iko juu. Lala kifudifudi mlangoni, weka pua kwenye upenyo. Mimi nilichomoa, wewe usichomoe. Wanisikia? Nijibu kila nikikuuliza.”

Kisha akageuza uso upande wangu, ingawa sikuwa nimesema kitu. “Sidi, nenda kazime injini ya stima. Mkono mwekundu ubavuni, uvute kwako hadi mwisho. Injini ikifa, mashine itakufa bila cheche.”

Nyumba ya injini iletayo umeme wa klabu iko ng’ambo ya uwanja wa kuchezea. Nilikimbia nyasi zikiwa ndani ya maji, nikaanguka, nikaamka. Nilikuwa nikingoja mshindo mgongoni mwangu kila nikikanyaga. Tsuma, mtu wa injini, hakuwapo, alikuwa ameitwa jikoni ambako bati limeng’oka. Nikauona mkono mwekundu. Sikupata kugusa injini maishani mwangu, nayo ilikuwa ikitetemesha sakafu nzima. Nikauvuta. Ikapiga chafya, ikapunguza, ikakohoa kama Abdurahman, ikanyamaza. Taa zote za klabu zikazimika, na wakati uleule nikasikia wageni wakilalamika barazani.

Nilipokuwa nikirudi niliwaza dirisha. Tutalifunguaje? Mtaimbo upo, shoka lipo, lakini chuma kikipiga msumari hutoa cheche, na hewa ile ilikuwa bado imejaa. Nikapita nyumbani. Nikachukua mchi wangu wa kutwangia. Nikachukua na ndoo moja ya Abdurahman, nikaumwagia ubao na misumari maji, ijapokuwa mvua ilikuwa imekwisha kuvilowesha.

“Bado yuko?” nikamwuliza Nzai.

“Yuajibu kwa kugonga,” akasema. “Piga.”

Nikapiga. Mchi ulirudi ukanipiga kifuani. Nikapiga tena pale ubao ulipooza kwa masika. Kila pigo nilifumba macho nikingoja moto. Nilikuwa nikilia kwa sauti, sikuona haya. Ubao wa kwanza ukavunjika, pumzi mbaya ikanijia usoni, ya joto. Nikaendelea. Wa pili ukaanguka ndani. Shutu akafika, na Tsuma, na wapishi wawili, nikawapigia kelele mtu asije na chuma wala sigara. Tukangoja upepo uingie. Ule upepo uliong’oa mnazi ndio uliosafisha banda.

Tsuma ndiye aliyepanda dirishani akamtoa Abdurahman. Midomo yake ilikuwa ya majivu. Tukamlaza kwenye baraza ya nyumba yetu, akawa anavuta pumzi moja moja, kila moja yaonekana kuwa ya mwisho. Nzai aliketi nyuma yake, amemkumbatia ili akae wima, na hakuthubutu kumwachia. Walikaa vile hadi gari la klabu lilipoweza kutoka kumpeleka hospitali.

Betri ya kigari cha nne imepasuka ubavu. Haikulipuka. Nimeitazama leo nikiwa mbali.

20 Mei

Bwana Hollis ametuita. Aliuliza ni nani aliyezima injini. Nyama iliharibika, wageni walikula gizani, na hakuna aruhusiwaye kugusa injini isipokuwa Tsuma. Nikasema ni mimi. Meno yalikuwa yakigongana hata nikashindwa kuyazuia, akadhani ni baridi, akafunga dirisha la ofisi.

Nikamwambia, “Bwana, madirisha ya banda yakipigiliwa tena, mimi siingii. Nyumba tutahama.”

Sikujua kwamba nitalisema. Hatukuwa na pa kuhamia. Tsuma, ambaye siku zote nilimjua kama mtu wa kuangalia viatu vyake, akasema hata yeye injini hatawasha ikiwa ni ya kuchajia betri katika banda lililofungwa. Bwana Hollis alitutazama kwa zamu. Akasema twende, atafikiri.

23 Mei

Zimeletwa nyavu za waya za madirishani. Hakuna aliyetuambia neno. Tsuma na seremala wamezipigilia mahali pa mbao. Upepo waingia, wevi hawaingii.

24 Mei

Mvua ndogo.

1 Juni

Msambweni. Bendeji imetolewa kabisa. Jicho la kushoto la Nzai laona mwanga na kivuli. Amesema laniona nikipita mlangoni lakini sina uso. Daktari asema huenda ndiyo basi. Nzai alishukuru kwa adabu, akatoka nje, akasimama akitazama juani kwa muda mrefu hata nikamvuta.

4 Juni

Tumekwenda Kinondo kumwona Abdurahman. Hatarudi kazini. Kifua kimekatazwa betri, moshi na kila kitu kikali, na mwenyewe yuasema atalima mihogo na kuangalia minazi yake. Mpwa wake tulimkuta kule, kijana mpole, ni mwalimu wa chuo cha Kurani, wala hakupata kutafuta kazi klabuni. Nilishindwa kumtazama usoni.

Tulipewa wali na papa wa nazi. Baada ya kula Abdurahman akasogea karibu na Nzai, akasema alilokuwa nalo. Kwamba alipoambiwa apigilie alijua ni vibaya, akasema mara moja, akakataliwa, akachukua nyundo. Angeweza kukataa akafukuzwa. Hakukataa. Kila adhuhuri tangu siku ile alisimama mlangoni kwa sababu alikuwa hawezi kukaa mahali pengine.

Nzai alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilifikiri atasema yamekwisha, kama watu wasemavyo.

“Mimi nakulaumu, Abdu,” akasema. “Sitakudanganya. Nikiamka asubuhi nikiona kivuli tu nakulaumu. Kisha nakumbuka ulivyonishika chini ya bomba, sina la kusema.”

“Basi nilaumu,” Abdurahman akasema. “Lakini uje.”

“Nitakuja.”

Walikaa bega kwa bega mpaka jua likapungua. Mimi nilizungumza na mkewe habari za mihogo.

13 Juni

Mvua imekatika. Asubuhi palikuwa na umande tu, na wachezaji wengi wamerudi.

Adhuhuri, nilipokuwa nikijifunga leso niende bandani, Nzai akasema anakuja. Nikamwambia hakuna haja. Akasema anajua hakuna haja. Alifika mlangoni akasimama, akashika mwimo kwa mikono miwili. Hatukuharakishana. Upepo ulikuwa ukipita dirishani ukitokea dirisha la pili.

Nikapima, yeye akiwa amesimama katikati ya vigari. Nilipofika kigari cha pili alinyoosha mkono, akauliza betri iko wapi. Nikamshika kiganja nikakipeleka. Kilipogusa tu akakirudisha kifuani, akavuta pumzi. Kisha akakirudisha mwenyewe. Akapapasa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akatua.

“Hii ina homa upande huu,” akasema. “Pima.”

Nikatia mrija. Boya likacheza, nikangoja litulie. Vyumba viwili 1240. Cha tatu 1150.

Hatukumngoja mtu wa kuuliza. Mashine ilikuwa imezimwa. Nikafungua nati, nikatoa nyaya, tukaingiza mikono chini yake kila mtu upande wake, tukaibeba nje polepole, yeye akienda kinyumenyume, mimi nikimwambia pa kukanyaga.